Fundi Makochi, Tuliyemsikiliza Akilala

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa pili na wa kiume pekee. Alichelewa kulia. Mkunga alimsugua mgongo, akamgeuza, akampuliza usoni, ndipo akavuta pumzi moja fupi, kama mtu anayeonja chai ya moto. Mama yake aliisikia. Tangu hapo sikio lake halikupata likizo.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari, akamaliza mwaka 2007. Asubuhi nyingi alikwenda darasani kichwa kinamuuma. Hata hivyo, wenzake walimwonea wivu kwa mchezo wa kujifunika mablanketi, ambamo wa mwisho kutoka ndiye mshindi. Wao walichomoka wakihema, yeye akashinda kila mara. Siku moja alisinzia humo na hakutoka. Dada yake alifunua blanketi akapiga kelele, "Mama, midomo yake imekuwa ya bluu!"

Hospitalini, ili kumpima, daktari alimpumulisha ndani ya mfuko, hewa aliyoitoa ikimrudia. Mtu mwingine angeusukuma mbali. Yeye alitulia tu, kisha akauliza, "Nimeshinda?"

Daktari alieleza kwamba kaboni dioksidi ikizidi mwilini, ubongo huigundua, na kemikali zake, mojawapo ikiitwa serotonini, husaidia kupeleka ujumbe: vuta pumzi, na kama umelala, amka. Kwa mtoto huyu ujumbe ulikuwa hafifu, na usingizini ulikaribia kuzimika.

"Kwa hiyo ubongo wake unasahau?" mama aliuliza.

"Unahitaji kukumbushwa."

Mama akawa mkumbushaji. Alihamishia kitanda chake kando ya cha mwanawe, na pumzi ikikawia alisema, "Pumua, baba," naye akapumua bila kuamka. Kazi hiyo hakumwachia mtu, hata dada wa marehemu alipoomba zamu.

Ufundi alijifunza kwa mjomba wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Kila kochi alilomaliza alilikalia kulijaribu, ila hakulilalia. "Nikilala hapa," aliwaambia wateja, "itabidi mumwite mama."

Mwaka 2016 alifunga ndoa na binti wa duka la vitambaa. Mama alimfundisha mkwewe kusikiliza. Mkwe akaitikia vizuri, kisha akashika njia yake: alilala ameegemeza unyayo ubavuni mwa mumewe, na ubavu ukitulia, anausukuma.

"Kwa mguu?" mama aliuliza. "Mwanangu anaamshwa kama mbuzi?"

"Mama, sikio langu likilala limelala. Mguu wangu unakesha."

Fundi alicheka hadi vimisumari alivyobana kwa midomo vikamwagika. Kilichomchoma mama zaidi ni kwamba kichwa cha asubuhi kiliacha kumuuma mwanawe. Kila alipowatembelea alimkagua mwanawe midomo kabla ya salamu, na kila mara ilikuwa na rangi yake. Baadaye ilipopatikana mashine ya kumpumulisha usingizini, mkwe aliiita mke mwenza. Mama hakuficha furaha yake: hatimaye na mwenzake alikuwa na wa kumwonea wivu.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alishikwa na nimonia, akalazwa. Nesi alisema abaki mtu mmoja. Wanawake wawili walisimama, kila mmoja ameshika upande wake wa kitanda.

"Mama, nenda ukale," fundi alisema. "Huyu abaki."

Mama alikaa kwenye benchi la korido, chakula hakijaguswa, macho mlangoni. Alasiri ya tarehe 2 Juni mkwe alitoka akilia.

"Ulimsukuma?" mama aliuliza.

"Nilimsukuma, mama. Mashine ilikuwa inafanya kazi, madaktari walikuwepo, mapafu yamechoka. Nikamwambia, 'Pumua, baba,' nikaiga sauti yako. Akavuta moja."

Mama alimwonea wivu kwa pumzi ile, na bado anamwonea. Lakini alimshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mama, dada na mjomba. Mjomba alitaka mama atajwe wa kwanza. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Pumzi ya kwanza aliisikia yeye, ya mwisho aliisikia mjane, na leo wamekaa benchi moja.

Lala kwa amani, baba. Safari hii hatukuamshi.