Kilichomuua Liz Adoyo

Karibu na kinu cha kusaga mahindi, sokoni Ndhiwa, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Hapo Dorah huuza kahawa, na hapo wanaume huamua mambo ya dunia bila kuulizwa. Asubuhi hiyo mmoja wao alikuwa ameulizwa. Mjukuu wa mzee Nicanor Ogweno, Liz Adoyo, alifariki alfajiri katika hospitali iliyo juu tu ya barabara. Daktari kutoka chuo kikuu aliomba ruhusa ya kuchukua vipande vidogo vya mwili kwa sindano, ajue kilichomuua. Hatampasua. Ila ifanyike kabla ya saa sita, kwa maana mwili ukikaa hauonyeshi kitu. Baba wa mtoto alikuwa visiwani akivua, simu imezimwa, kwa hiyo neno lilibaki kwa mzee. Nicanor akasema anakwenda kufikiri. Akaja benchini.

— Pole sana, jaduong', mzee wetu, — alisema Willis, fundi wa redio, ambaye wote walimwita Taarifa. — Lakini huyo mama wa sindano, unamjua?

— Anaitwa Daktari Bonareri, — alisema Nicanor.

— Ngoja nimtafute. — Taarifa alichezea simu. — Huyu hapa! Chuo kimeweka picha zao wote, na kila mmoja anachochunguza. Bonareri: vifo vya watoto wadogo. Huyu mwenye miwani, mapafu. Huyu, ubongo na malaria. Huyu mzee, ini.

Dishon aliinua kichwa. Alikuwa dalali wa ng'ombe, na kwa ukubwa wa maneno yake alibandikwa jina la Waziri.

— Sasa umeona? Kila mtu na kipande chake. Mimi hiyo naiita buchari.

— Waziri, mwenzako amefiwa, — Dorah alimkemea, akimimina.

— Ndiyo maana namwambia ukweli! Profesa hapandi cheo bila kuandika. Ataandika nini bila ini? Akimaliza kuandika, anapandishwa. Jaduong' anabaki na kaburi.

— Cheo ni kitu kidogo, — alisema Taarifa. — Hizo nyama zinawekwa kwa barafu, zinapelekwa majuu. Huko kuna mashine. Ukiipa damu ya mtoto mmoja, inasoma ukoo wote: nani atakufa, na kwa ugonjwa gani.

— Basi ituambie! — alisema Dorah.

— Ituambie sisi? Inaambia wenye dawa.

Nicanor alishika kikombe bila kunywa. Kivuli cha paa la kinu kilikuwa kimerudi karibu na ukuta. Alikiona. Alitaka kuuliza saa, asiulize.

— Nyinyi bado mko nyuma, — alisema Waziri kwa sauti ya chini. — Hawa siku hizi wanachukua kinyama kidogo, hivi, kama kucha, wanamkuza mtoto mzima. Yule yule. Uso ule ule. Atatembea huko Ulaya, jaduong', akiitwa jina lingine.

Taarifa alicheka. Nicanor hakucheka. Adoyo lilikuwa jina la mama yake mzazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa mtoto jina hilo. Alijua kuwa Waziri anasema upuuzi. Hata hivyo maneno yale yalimkaa kifuani, na mzee akaomba kikombe cha pili.

Walikuwa bado wanabishana kuhusu mashine wakati Rispa, mkaza mwanawe, aliposimama ng'ambo ya mtaro. Hakuvuka, kama ilivyo adabu kwa baba mkwe. Mgongoni alikuwa amembeba Levis, mtoto wake wa mwisho.

— Baba.

— Rispa. Nilikuwa naja sasa hivi.

— Daktari Bonareri ameondoka. Amesema muda umepita.

Kivuli cha paa hakikuwepo tena.

— Kwani wewe mama ya mtoto ulimwambiaje? — aliuliza Taarifa.

— Nilimwambia sawa, achukue. Halafu nikamwambia tumngoje babu yake.

Dorah aliinamisha birika, yakatoka mashapo ya kahawa tu.

— Beverly, dada yake Liz, alipokufa, — Rispa aliendelea, — mlisema ni jicho la watu. Liz walimpima malaria, hakuwa nayo, na akakufa vilevile. Huyu ameamka na joto lile lile. Narudi naye hospitalini. Wakiniuliza dada zake waliuawa na nini, niseme nini?

Taarifa alitazama simu yake. Waziri alitazama jiwe lililoshika benchi.

— Baba, niseme nini?

Nicanor Ogweno, ambaye hakuwahi kukosea jina la mtu yeyote pale sokoni, alifungua kinywa, akalitafuta jina la ugonjwa. Levis alikohoa mgongoni mwa mama yake.