Majivu Hayawekwi Chini

Ndani ya basi la Haridwar, mji ambako Wahindu humwaga mtoni majivu ya wafu wao, jamaa mbele yangu kanyoa kipara, kapakata chungu cha majivu kilichofungwa kitambaa chekundu. Bibi aliyekaa kando yake akamuuliza, "Nani huyo, mwanangu?"

"Kaka yangu. Tuligombea shamba la miwa, nikampiga jembe." Kasema kama anataja bei ya vitunguu. "Mama kawaambia polisi kateleza kisimani. Mimi kaniagiza nimtie mtoni."

"Na wewe ukakubali!"

"Bibi, hata kwenye vita vile vya kale vya vitabu vyetu vya dini watu waliua ndugu zao, halafu wakawafanyia ibada."

"Wale waligombea ufalme. Wewe miwa!"

Mimi nikajifanya nimelala. Basi likasimama.

"Nishikie chungu, bibi, nivae viatu. Hakitakiwi kugusa chini."

Bibi akaficha mikono ndani ya sari.