Daftari Lililokwenda Hamamu

Mgeni wetu rasmi Lalla Najat, Mwendesha Mashtaka wa mkoa; wauguzi wetu; majirani wa mtaa wa Derb Sellam:

Karibu

Umekuja kufungua chumba kipya cha kupimia virusi hapa zahanati, na ukanywa chai yetu bila kuuliza nani ameosha glasi. Tumeliona hilo. Asante.

Tulikotoka

Sisi ni wafungashaji wa dagaa hapa katika mji wa Safi, na sote tunaishi na virusi vya UKIMWI. Mwenzetu Rqia alimwambia mchumba wake ukweli siku ya posa, mbele ya wazazi. Uchumba ulipovunjika, yule bwana akamshtaki kwamba alitaka kumwambukiza. Mwenyewe alipopimwa, hana kitu. Hata hivyo Rqia alikaa rumande siku kumi na tisa.

Askari wakaja zahanati kuchukua daftari la waliopimwa, lithibitishe kuwa Rqia aliijua hali yake. Lilikuwa na majina mia mbili. Mahjouba, mkubwa wetu, akalitia kwenye ndoo yake ya kuogea, chini ya sabuni nyeusi, akatoka.

"We mama, wapi na ndoo?" askari wa mlangoni akauliza.

"Hamamu, mwanangu. Unakuja kunisugua mgongo?"

Akampisha, masikio yamemwiva kwa haya.

Tunachoshukuru

Wewe uliisoma barua ya daktari hadi mwisho: Rqia anameza dawa kila siku, virusi havionekani tena katika vipimo vyake, hawezi kumwambukiza mtu. Ukaifuta kesi. Rqia huyu hapa, mstari wa mbele, na kaftani yake ya kijani. Mungu awarehemu wazazi waliokulea.

Kinachotukwaza

Kesi imekwisha, hofu bado. Zamani watu arobaini walikuja kupimwa kwa mwezi. Mwezi uliopita walikuja watatu. Hapo mlangoni binti mmoja alimvuta shangazi yake mkono: "Usipime, shangazi! Usipojua, huna kesi." Sheria inayomwandama anayejua na kujitibu, ikamwacha asiyejua, inausambaza ugonjwa yenyewe.

Ombi

Tupe agizo la maandishi: daftari la zahanati lisiwe ushahidi mahakamani. Na ukifika Rabat, waambie watunga sheria kwamba chumba ulichokifungua leo hakitapata watu kwa kupakwa rangi.

Sisi, Wanawake wa Kidonge cha Asubuhi, tunakuombea afya na njia nyeupe. Msimamizi wa zahanati ametutaka tumalize kwa kukuomba radhi kwa kulificha daftari.

Hatuombi.