Maji ya Tisini na Sita: Maisha ya Mwalimu Nikodemo Chibago

Mwalimu Nikodemo Chibago, tunayemlaza leo, Jumatano tarehe 10 Juni 1914, katika udongo mwekundu wa Dodoma, alizaliwa Haneti mwaka 1875, uwele ulipokuwa umeinamisha vichwa ukingoja kuvunwa. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Chibago, na wa kwanza wa kiume. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alizoea kusema kwamba ilikuwa siku ambayo ng'ombe walilala nje ya zizi, kwa kuwa baba mtu alikaa mlangoni kusikiliza kilio cha mtoto akasahau kwenda kuwaswaga.

Utotoni alichunga kama watoto wote wa kwao, ila alikuwa mtu wa kuuliza. Dada yake, Bibi Ruthu, aliye nasi hapa, anakumbuka siku alipoachiwa maziwa jikoni ayaangalie. Yakachemka, yakamwagika, yakazima moto, naye amechuchumaa palepale. Mama alipomwuliza kama hakuona, alijibu kwamba aliona, lakini hakuona vizuri ni wakati gani hasa yalianza kupanda, na akaomba apewe mengine arudie. Jibu alilopewa halikuwa maziwa.

Mwaka 1891 alishuka pwani na msafara, akibebea wapagazi vyungu vya kupikia. Alibaki huko. Kuanzia mwaka 1893 hadi 1898 alisoma katika shule moja mjini Tanga, na hapo ndipo alipoingia katika chumba kilichobadili maisha yake: chumba chenye mizani ya shaba, taa ya spiriti, na kipimajoto kirefu cha kioo ndani ya kisanduku cha mbao. Mwalimu wake Mjerumani alichemsha maji mbele ya darasa, na zebaki ikapanda ikasimama penye nyuzi mia. Marehemu aliyaona hayo kwa macho yake, akayaamini kama mtu anavyoamini jina la baba yake. Tutarudi penye mia hiyo, maana ndiyo iliyomtesa.

Alirudi nyanda za juu mwaka 1899, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1901, na tarehe 12 Agosti 1902 alifunga ndoa na Bi Zipora. Kabla ya harusi Bi Zipora aliwaambia shangazi zake kwamba amepata mchumba asiyejua kubembeleza. Alikuwa amemwuliza kama yeye ni mzuri kuliko wasichana wote wa kijiji chao cha Buigiri, na Nikodemo akajibu kwamba wasichana wote wa Buigiri hajawaona. Shangazi wakacheka, wakasema kwa mwanamume wa namna hiyo angalau hutajua njaa ya ukweli. Waliishi pamoja miaka karibu kumi na miwili, wakajaliwa watoto watatu.

Alifundisha kusoma na kuandika kwanza. Kisha reli ilipofika Dodoma, mwaka 1910, vyombo vikaja kwa gari la moshi ndani ya makasha yenye nyasi kavu, naye akaruhusiwa na misheni kufungua darasa la vijana wakubwa. Yeye aliliita darasa la fizikia. Watu wa Kizota, pale lilipokuwa darasa, na wa vijiji vya jirani waliliita darasa la mizani, na jina hilo ndilo lililoshika.

Kanuni za darasa alizipaka kwa chokaa ukutani, herufi kubwa, ili asiyezipenda azione kila siku. Pima kwanza, ndipo useme. Soma kipimo mara tatu. Andika ulichoona, si unachodhani mwalimu anakitaka. Aliyevunja chombo aseme mwenyewe kabla hajaulizwa, naye hatapigwa. Hakuna kiboko ndani ya chumba hiki. Aliyechelewa kwa ajili ya ng'ombe aingie kimya akae nyuma. Aliyechelewa kwa usingizi aingie kimya akae mbele. Wazee wengi walishangaa hasa habari ya kiboko, wakasema vijana watavunja kila kitu. Vilivunjika vioo viwili kwa miaka minne, na mara zote mbili waliovunja walimfuata Mwalimu nyumbani kwake kabla jua halijazama.

Alama zake zilikuwa tano, kama ilivyo katika shule za serikali: moja ni bora, tano ni kuanguka. Nusu ilitoka katika kazi ya mikono na nusu katika maelezo. Aliyenakili na aliyenakiliwa walipata tano wote wawili, kwa kuwa, alisema, zizi haliibiwi bila mtu kulala. Alama ilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Isiposomwa mbele ya wote haikuwa alama. Na ikishasomwa haikubadilishwa. Kanuni hii ya mwisho aliiweka baada ya jumbe mmoja kumpelekea beberu mnene, siku moja tu baada ya mwanawe kupata nne. Mwalimu alimrudisha beberu mwenyewe, akimvuta kwa kamba njiani, watu wakimwamkia na kumcheka. Jumbe akamwuliza mnyama huyu amekosa nini. Mwalimu akasema hajakosa kitu, ila hajafanya mtihani.

Tangu hapo darasa likaheshimiwa. Na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomfunga alipokosea.

Katika darasa la kwanza alikuwamo kijana aitwaye Matonya, mtoto wa Mzee Ndahani wa Haneti. Mzee Ndahani hakupenda shule. Alimwachia mwanawe kwa sharti moja: akianguka mtihani mmoja, anarudi kwenye ng'ombe, na habari ya shule isisikike tena nyumbani kwake. Mwezi Machi mwaka 1911 Mwalimu aliwapa vijana kazi ya kuchemsha maji na kuandika nyuzi. Alikuwa amekwisha kuwafundisha kwamba maji huchemka kwa mia. Wote waliandika mia. Matonya peke yake aliandika tisini na sita.

Mwalimu akamwambia asome tena. Akasoma tena, huku wenzake wakinyoosha shingo.

"Ni tisini na sita, Mwalimu."

"Maji huchemka kwa mia, Matonya."

"Haya hayajaambiwa, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alidhani ni ufidhuli, au kwamba kijana amekosa subira ya kungoja maji yachemke sawasawa, akamsomea tano mbele ya wote. Juma lile Mzee Ndahani akatuma mtu, na Matonya akafunga mkeka wake akaenda.

Bi Zipora anasimulia kwamba jioni ya siku ya mtihani mumewe alichemsha maji peke yake. Alikuta tisini na sita. Akabadili sufuria, akabadili maji, akakuta tisini na sita. Aliamua kwamba kipimo kimeharibika njiani. Lakini alama ilikuwa imesomwa, na alama iliyosomwa haibadilishwi. Akiibadilisha hii leo, kesho mabeberu watajaa uani. Akanyamaza. Miezi ile, anasema Bi Zipora, alikula kidogo, na kila chai ilipochemka jikoni alitoka nje.

Mwezi Desemba alipata ruhusa akapanda gari la moshi kwenda Dar es Salaam, kipimo kikiwa kifuani kimefungwa kwa kitambaa. Huko alimpata Bashiri, fundi wa vyombo vya kioo, akamweleza kwamba ameuziwa kitu kibovu. Bashiri hakubishana. Alitia maji kwenye birika, akatumbukiza kipimo, wakaketi wote wawili kuangalia. Zebaki ikapanda, ikafika mia, ikasimama.

"Kipimo chako kizima, Mwalimu," alisema Bashiri. "Labda maji yenu ya Ugogo ndiyo mavivu."

Marehemu hakucheka. Njiani kurudi, gari lilipolala Morogoro, aliomba moto kwa mama mmoja aliyeuza uji karibu na stesheni. Mama yule akamwuliza kama kijiti hicho cha kioo hupikwa kwa chumvi au kwa sukari. Akakuta tisini na nane. Alipofika Dodoma hakupita nyumbani kwanza. Alichemsha maji palepale kwa wapagazi wa stesheni, na ikawa tisini na sita. Ndipo alipoelewa. Nchi inapopanda, hewa inayoyakandamiza maji huwa nyepesi, na maji hupata ruhusa ya kuchemka mapema. Mia ilikuwa kweli ya pwani. Tisini na sita ilikuwa kweli ya hapa kwetu, na kijana wa hapa kwetu ndiye aliyeisoma, akafukuzwa kwa ajili yake.

Bi Zipora alimwambia apumzike siku mbili. Alikwenda Haneti kesho yake kwa miguu, na sufuria mgongoni. Alimkuta Mzee Ndahani juu ya paa la tembe lake, akilikandika udongo mpya kabla ya mvua. Akamwamkia, akaomba moto, na mzee akashuka kwa mshangao. Maji yakachemshwa uani, Matonya akaitwa kutoka malishoni, ndugu na majirani wakasogea. Mwalimu akampa kijana kipimo, akamwambia asome kwa sauti. Alisoma tisini na sita.

"Mzee wangu," alisema Mwalimu, "mwanao alisoma sawasawa. Aliyeanguka mtihani ule ni mimi."

Mzee Ndahani akauliza: "Umetoka Dodoma kwa miguu kuja kunionyesha maji yanachemka?"

"Nimekuja kukuonyesha yanachemka kama mwanao alivyosema."

Majirani walicheka, na mzee naye akacheka, kicheko cha mtu anayepima ng'ombe asiyetarajia kumpenda. Alisema ana wanaume wengi wanaomdanganya bure, bila kutembea hata hatua moja. Mtu aliyetembea hivi ili ajishtaki mwenyewe, anaweza kuazimwa mtoto. Matonya akarudi shule.

Darasani Mwalimu alisimama mbele ya walewale waliocheka. Alijiandikia tano ubaoni, jina lake mwenyewe, akaisoma kwa sauti. Akawasomea tano wote walioandika mia, kwa kuwa waliandika alichokitaka yeye. Kisha akachukua chokaa akaongeza kanuni ukutani, nayo ipo hadi leo: Alama iliyokosewa hurekebishwa pale iliposomwa, na mwalimu naye hupimwa. Beberu hakuja tena. Wazee walikwisha kuona kwamba kinachobadilisha alama katika chumba kile ni maji yanayochemka tu.

Matonya alisomewa mbili. Kijana, ambaye tangu zamani ulimi wake haukuwa mzito, akauliza kwa nini si moja, ilhali yeye peke yake ndiye aliyepata. Mwalimu hakuwa amempa mtu yeyote moja.

"Uliposoma tisini na sita," alimjibu, "hukuwa na jibu ulilolipenda. Moja ni ya yule atakayesoma namba asiyoitaka kabisa, na bado akaitaja."

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Vijana wake walichukuliwa kwenye simu ya upepo na kwenye karakana za reli, na mabwana wa huko walikuja kusema kwamba vijana wa darasa la mizani huchelewesha kazi kwa kusoma kila kitu mara tatu, lakini hawarudii kazi. Tangu Januari mwaka huu Matonya alikuwa mwalimu msaidizi wake. Wakati mwingine walisikika wakibishana chumbani hadi chakula kikapoa, na Bi Zipora akituma mtoto kuwauliza kama wameamua ugali una nyuzi ngapi.

Tarehe 30 Mei mwaka huu marehemu alishikwa na homa. Alipewa dawa, akapata nafuu, akaanguka tena. Alasiri ya Jumatatu tarehe 8 Juni hali yake ilikuwa nzito. Bibi mwuguzi wa misheni alikuwa njiani akitoka Mvumi kwa mgonjwa mwingine. Matonya alikuwa kando ya kitanda, na kipimo cha homa kilikuwa mkononi mwake. Alikisoma dirishani. Bi Zipora, aliyesimama nyuma ya kichwa cha mumewe, alimtazama Matonya na kumtikisia kichwa polepole. Hakutaka mgonjwa aambiwe.

"Ngapi?" aliuliza Mwalimu.

Matonya alikisoma tena. Alikisoma na mara ya tatu. Sisi tuliokuwa chumbani tulimwona akigeuka kutoka dirishani.

"Arobaini na moja na nusu, Mwalimu."

"Umesoma mara tatu?"

"Mara tatu."

Mwalimu alifumba macho, kama mtu aliyetua mzigo. Alisema: "Moja, mwanangu. Ikasomwe mbele ya wote."

Kwa kuwa aliambiwa, hakupoteza jioni yake. Aliwaita watoto mmoja mmoja. Alimwambia Yudith asiache kusoma, Emilia amsaidie mama yake, na Silvano, aliye mdogo, alimwachia kisanduku cha kipimajoto, na ruhusa ya kukivunja iwapo atasema mwenyewe. Alimwambia Bi Zipora kwamba sasa amekwisha kuwaona wasichana wote wa Buigiri, na kwamba jibu ni ndiyo. Bi Zipora anasema si haba kungoja jibu miaka kumi na miwili, likiwa limepimwa. Aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1914, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Bi Zipora. Watoto watatu, Yudith, Emilia na Silvano. Dada yake, Bibi Ruthu. Wapwa na majirani wa Haneti na Dodoma. Rafiki yake Mzee Ndahani, aliyefika jana jioni na ng'ombe wa msiba. Na darasa lake, litakalofunguliwa Jumatatu chini ya kanuni zilezile.

Imebaki kazi moja ambayo marehemu hakuimaliza, nasi nduguze tumeikubali. Kwa kanuni yake alama isiposomwa mbele ya wote si alama. Basi, mbele yenu nyote, na mbele ya aliyeitoa:

Matonya, mtoto wa Ndahani, wa Haneti. Moja.

Sasa Mwalimu wetu alale, kazi yake imesahihishwa. Mungu ampe pumziko jema.