Aldea Tobin, Mtunza Nyumba ya Rais

Padri, wanafamilia, majirani, nanyi mliovuka mpaka leo asubuhi ili muwe nasi, poleni sana kwa msiba, na poleni pia kwa tope la kilima hiki. Marehemu alitutoka tarehe 17 Januari, lakini kama mjuavyo Januari ardhi yetu haichimbiki, kwa hiyo akalazwa kwenye chumba cha mawe pale langoni pamoja na wenzake watatu, wakisubiri barafu iyeyuke, na leo tarehe 11 Mei 2019 ndiyo zamu yake ya kuzikwa. Miezi hiyo minne familia ingeweza kuitumia kulia mpaka ikamaliza, badala yake imeitumia kubishana juu ya mistari miwili ya kwanza ya historia hii. Mwanawe Clement, karani wetu wa mji, aliandika ya kwake, binti yake Noella naye akaandika ya kwake, na kwa kuwa hawasemezani tangu Jumatano ya Majivu, kazi ya kusoma akapewa wifi wa marehemu, Verna Tobin, ndiye huyu mnayemsikia, kwa kudhaniwa kwamba bibi wa miaka themanini na mitatu atasoma chochote atakachowekewa mbele ya miwani. Karatasi zote mbili ziko kwenye mkoba wake, na zitabaki humo humo.

Marehemu Aldea Marie Paquin alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 11 Februari 1938, jikoni kwa bibi yake mzaa mama, katika kijiji cha Dunham, jimbo la Quebec, nchini Kanada, akiwa mtoto wa kwanza wa Ovila Paquin na mkewe Exilda, ambao wakati huo walikuwa wamepanga shamba upande wetu huu wa Vermont, Marekani, na Exilda akarudi kujifungulia kwa mama yake kama walivyofanya wanawake wengi wa zamani zile. Clement, kaa chini mwanangu, shangazi yako hajamaliza hata ukurasa mmoja. Mwishoni mwa Machi mtoto alivushwa mpaka kwa gari la farasi la kutelezea kwenye theluji, amefunikwa blanketi na nyasi kavu, na tarehe 1 Aprili Ovila akaingia ofisi ya mji, akavua kofia, akamwambia karani wa siku hizo kwamba mkewe amejifungua asubuhi ile pale shambani, karani akaandika, na tarehe hiyo ndiyo iliyokaa kwenye cheti, kwenye leseni ya udereva na kwenye keki zote alizowahi kukatiwa. Ovila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni asiye na karatasi yoyote, mwenye ng'ombe kumi na mmoja na hofu ya kurudishwa kwao, akataka walau mtoto wake asije akaulizwa katoka wapi.

Marehemu alianza masomo Septemba 1944 katika shule ya kijiji chetu, yenye chumba kimoja na jiko la kuni, ambako aliingia hajui Kiingereza hata neno, na baada ya kuchapwa rula za vidole muhula mzima akakijua vizuri kiasi kwamba Kifaransa chake kikabaki cha kusali na cha kugombeza kuku tu. Alimaliza sekondari Juni 1956 mjini St. Albans, akafanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha maziwa, akiosha mikebe, na huko ndiko alikoonana na Merle Tobin, aliyekuwa akileta maziwa ya baba yetu kila asubuhi na ambaye ghafla akaanza kunyoa ndevu kabla ya kupeleka maziwa.

Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 14 Juni 1958. Ni lazima isemwe kwamba wifi yake hakumpenda mwanzoni, alimwona ana maringo, anapika pai ya nyama yenye karafuu nyingi mno, anafunga mlango wa jokofu kwa nyonga kama yuko dansini, na marehemu alilijua hilo vizuri, akamwambia mbele ya wakwe, "Wifi, ukizidi kununa hivyo maziwa yatachachuka." Urafiki wao ukaanzia hapo, ukadumu miaka sitini. Mungu aliwajalia watoto watatu, Clement aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1960, Rosalie aliyezaliwa mwaka 1965 akaishi siku tisa, ambaye kaburi lake ndilo hili dogo kando ya mguu wa Padri, na Noella aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1971, akiwa na kifua kibovu kilichomfanya mama yake asilale usingizi mzima kwa miaka kumi. Merle alitangulia mbele za haki mwaka 2003.

Kuanzia Mei 1969 hadi Oktoba 2008 marehemu alikuwa mtunza nyumba ya Rais kule Fairfield, makumbusho ya mahali alipozaliwa Rais wa zamani wa Marekani, ile nyumba ndogo ya manjano ambayo wote mnaijua, ijapokuwa wengi wenu hamjawahi kuingia. Alifuta vumbi, alikata nyasi, alipokea wageni, na wageni walipokuwa hawapo, maana kuna wiki walikuwa hawapo kabisa, alimsoma Rais Chester Arthur mpaka akamjua kuliko alivyowajua mashemeji zake. Alikuwa akiwaeleza wageni kwamba huyu ni wa ishirini na moja, mtoto wa mhubiri, ambaye hakuna aliyetarajia awe Rais wala yeye mwenyewe, mpaka Rais ambaye yeye alikuwa makamu wake alipopigwa risasi, kwamba alipokuwa wakili kijana alimtetea mwalimu mweusi aliyesukumwa nje ya tramu ya farasi huko New York, akashinda kesi, na kwamba yeye aliyelelewa na siasa za kupeana vyeo ndiye aliyetia sahihi sheria ya kuzipunguza, mwaka 1883, rafiki zake wakamnunia. Aliwaeleza pia kwamba alijipunguzia mwaka mmoja wa umri kwa majivuno tu, na kwamba kabla hajafa aliagiza karatasi zake zichomwe moto, karibu zote.

Lakini alipokuwa akifika kwenye habari ya kuzaliwa, sauti ilibadilika. Wapinzani wa Rais walieneza kwamba alizaliwa Kanada na kwa hiyo hastahili kiti, na marehemu, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba huo ni uongo wa watu wenye husuda, kwamba mtu hastahili kufuatwafuatwa maisha yake yote kwa sababu ya upande wa mpaka alikolazwa mama yake. Aliisema kwa uchungu ambao wageni waliuona ni wa ajabu, kwa mtu aliyekwisha kufa miaka themanini na zaidi.

Sasa tufike mahali ambapo Clement hakutaka tufike. Jumanne tarehe 6 Machi 1979 ulikuwa mkutano mkuu wa mji wetu, ukumbi umejaa, akina mama wa kanisa wameleta maharage ya kuoka, na hoja kubwa ilikuwa kuifunga shule ya kijiji, watoto wapelekwe kwa basi maili kumi na nne. Noella alikuwa na miaka saba, na daktari alikuwa ameonya kuhusu baridi. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, hamsini na wanane wanataka ifungwe, hamsini na saba hawataki, na kabla mwenyekiti hajagonga nyundo marehemu akasimama. Alisema, "Mwenyekiti, hujaandika bado. Naomba Hervé Lamoureux atuoneshe karatasi zake za uraia, maana alizaliwa ng'ambo, na hilo kila mtu hapa analijua."

Hervé alikuwa jirani yao wa shamba la pili. Aliletwa huku akiwa na miaka mitatu, amelima miaka arobaini, yuko kwenye kikosi cha kujitolea cha zimamoto, na mkewe Lucienne, ambaye amekaa pale kwenye kiti cha kukunja, alikuwa akichemsha utomvu wa miti ya mepo uwe asali pamoja na marehemu kila mwaka, sufuria moja, kuni za pamoja. Hakuwa na karatasi, alidhani za baba yake zilimtosha. Akasimama, mkono wake bado uko juu nusu, akasema, "Lakini Aldea, wewe si unanijua." Kura yake ikafutwa, jina lake likakatwa kwenye orodha, hesabu ikawa sare, hoja ikaanguka, shule ikaendelea miaka sita zaidi, na Noella akasoma jirani na nyumbani. Hervé hakukanyaga tena kwenye mkutano wowote, wala zimamoto, wala kwenye chakula cha kanisa, na alifariki tarehe 9 Oktoba 1991 akiwa bado anasalimia watu kwa kutazama chini. Machi ile ile ya mkutano Lucienne akanunua sufuria yake mwenyewe.

Julai ya mwaka huo huo wa 1979, mzee mmoja mwenye asili ya Kichina alikuja kwenye nyumba ya Rais na wajukuu zake wawili kutoka Boston, akasikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akauliza taratibu kwa nini mama hajaisema sheria ya mwaka 1882. Marehemu aliijua. Alijua kwamba Rais aliikataa ya kwanza iliyotaka miaka ishirini, kisha akatia sahihi ya miaka kumi, ya kuwafungia wafanyakazi wa Kichina mlango wa nchi hii, na kwa miaka kumi alikuwa akiiruka kwa sababu ilimharibia hadithi. Tangu siku hiyo hadi alipostaafu hakumwachia mgeni hata mmoja aondoke bila kumwambia, mwisho kabisa, kwamba mtu aliyesumbuliwa kwa kusingiziwa kuzaliwa ng'ambo ndiye huyo huyo aliyewafungia wengine mlango kwa sababu ya walikozaliwa. Wapo waliolalamika kwamba wamekuja kupumzika, si kuhubiriwa. Wifi yake naye alimwambia aache, na marehemu akamjibu kwamba hadithi ikikosa kipande hicho yeye hawezi kuisimulia mdomo ukafunguka.

Mnamo Septemba 2018 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumwishia kwenye ngazi, akapelekwa hospitali ya wilaya, ikaonekana moyo umechoka, na ingawa alipata nafuu akarudi nyumbani mara mbili, hali ilibadilika baada ya Krismasi. Ni katika wiki zile alipomwita Noella akamweleza habari za Dunham, akataka zisomwe siku ya mazishi yake, majirani wote wakisikia. Alifariki Alhamisi alfajiri tarehe 17 Januari 2019, akiwa na umri wa miaka themanini, miezi kumi na moja na siku sita, na mkitaka hesabu ya cheti mtafanya wenyewe.

Clement alisema kwamba tukiyasoma haya tutakuwa tumeifanya kila kura ya mama yake kuwa ya wizi, na tumempaka matope mbele ya mji ambao yeye ndiye anautunzia vitabu. Ana haki ya kuumia, na wifi wa marehemu anampenda kama mwanawe. Noella yeye alikwenda mwenyewe kwa Lucienne mwezi wa Machi, akamweleza yote mezani, na Lucienne akauliza swali moja tu, kama siku ile marehemu aliposimama ukumbini alikuwa anajua kuhusu kuzaliwa kwake. Noella akamjibu kwamba hapana, mama aliambiwa na bibi Exilda mwaka 1983, bibi akiwa mahututi. Ndivyo alivyoelezwa na mama yake, na ndivyo alivyoandika kwenye karatasi yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimvumilia alipokuwa akiwasahihisha tarehe, majirani waliofukua theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Fairfield, Padri, vijana waliochimba kaburi hili kwenye ardhi ambayo chini bado ina barafu, na wote waliopika. Clement, nakuona umeshika mlango wa gari. Usiondoke kwanza, limebaki jambo moja, na hili halimhusu mama yako peke yake.

Lucienne, marehemu aliambiwa na Exilda wiki ya harusi yake, Juni 1958, na akaniambia mimi Agosti 1962, tukimenya nyanya za kuweka kwenye chupa. Alijua. Noella mwanangu, alikupunguzia, kwa sababu shule ile ilikuwa kwa ajili yako na hakutaka uibebe. Wiki moja kabla hajafa alinishika mkono akasema, "Wifi, nusu nimempa Noella. Nusu iliyobaki mpe Lucienne wewe, mimi siwezi kumtazama." Aliomba msamaha wako, Lucienne, na wa Hervé, kwa maneno hayo hayo, hakujitetea. Sasa langu. Siku ile ukumbini walikuwemo watu wawili waliojua, mmoja alisimama kumtaka mumeo karatasi, na mwingine alikuwa amekaa safu ya nyuma yake akifuma soksi, ambaye angesema neno moja tu na Hervé angebaki na jina lake. Huyo ni mimi. Niliendelea kufuma, nikaimaliza ile soksi, na kwa miaka arobaini nimekula kwenye meza yako.

Aldea, nimesoma yote. Wewe pumzika sasa, wifi yangu. Mimi bado nina kilima hiki cha kushuka, na nitamwomba Lucienne anishike mkono, akikubali.