Mwalimu Bethwel Kibii Kipkemoi, 1954–2026: Lori Lilipochelewa

Marehemu Mwalimu Bethwel Kibii Kipkemoi aliitwa mwizi mbele ya washirika wa kanisa lake, Jumapili tarehe 14 Januari 2024, hapa hapa Keringet. Hakuwa ameiba chochote. Familia imeona heri jambo hilo litangulie, kwa kuwa wengi walioketi chini ya hema hizi walikuwepo siku hiyo, na baadhi yao walipiga makofi.

Alizaliwa Keringet tarehe 3 Mei 1954, kifungua mimba wa marehemu Kipkemoi arap Chumo na marehemu Tabitha. Alichunga ng'ombe wa baba yake kwanza, kisha akaingia darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko wenzake wote, jambo lililomfanya aketi nyuma ili asiwazibe. Alihitimu ualimu Kericho mwaka 1976.

Alifundisha Jiografia katika shule za msingi za Olenguruone na Molo kuanzia mwaka 1977 hadi alipostaafu mwaka 2014. Wanafunzi wake wa zamani watakumbuka safari za Kariandusi. Wakati walimu wengine waliwaonyesha watoto mashoka ya mawe ya watu wa kale, yeye aliwapeleka ng'ambo ya pili, penye machimbo ya udongo mweupe, akawauliza: "Nani anaununua? Anaishi wapi? Na siku asipokuja, hawa wachimbaji watakula nini?" Aliwaambia wafikirie hadi Nakuru, kisha akalala garini.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Rael Jepkoech. Mama husema kwamba katika miaka yote hiyo hakumsikia akipandisha sauti ila kwa redio, ilipokwaruza wakati wa habari za dunia.

Mwaka 2009 washirika walianzisha kikundi cha uwekezaji, wakamchagua kuwa mwenyekiti. Bonasi ya majani chai na faida ya viazi vilinunua hisa za kampuni katika soko la Nairobi, kupitia wakala mjini Nakuru. Kwa miaka mingi kikundi kiligawana gawio kila mwaka, na Mwalimu akaombewa kila Jumapili.

Kisha vita vikazuka Ulaya mwaka 2022. Kila mkulima aliye hapa anakumbuka bei ya mbolea ilivyopanda. Jambo ambalo wachache walilitazama ni kwamba katika kipindi hicho hicho riba ilipandishwa Amerika, na wawekezaji wa kigeni wakaona faida iko kwao nyumbani. Wakauza hisa zao katika masoko kama letu na kuondoka. Shilingi ikadhoofika. Kila mtu akajiuliza iwapo serikali ingeweza kulipa deni kubwa la nje lililokaribia siku yake ya kulipwa. Bei za hisa zikashuka, zikiwemo za kikundi cha Keringet. Idadi ya hisa haikubadilika hata moja.

Mwalimu aliyaeleza hayo katika mkutano wa Januari 2024, baada ya ibada. Mzee wa kanisa, Kipkorir, alisimama.

"Mwalimu, Amerika iko wapi na Keringet iko wapi? Wao wakipandisha riba yao, mfuko wangu unatobokaje?"

"Kipkorir, lori la viazi likikosa kuja kutoka Nairobi, magunia yako huwa unayafanyia nini?"

"Nangoja. Ama nauza bei ya kutupa."

"Na ukiuza hivyo, kuna mtu amekuibia viazi?"

"Wacha hizo, Mwalimu. Viazi naviona kwa macho. Hisa zako nani amewahi kuziona?"

Watu walicheka. Muiruri, anayenunua viazi vya wengi wetu, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Jiografia ulistaafu, mzee! Rudisha pesa tu, mwizi wewe!"

Mwalimu aliwasihi wangoje. Mikono iliinuliwa, hisa zote zikauzwa wiki hiyo kwa bei ya chini kabisa, na kilichopungua kikahesabiwa kuwa amekila. Baraza la wazee lilimweka chini ya nidhamu. Washirika wanajua maana yake: kuketi benchi la nyuma, kutoomba hadharani, na kutoshiriki Meza ya Bwana hadi baraza liseme vinginevyo. Watoto wake walimsihi ahamie kanisa jingine. Alijibu kwamba benchi la nyuma alilizoea tangu darasa la kwanza.

Mwezi uliofuata nchi ilipata mkopo mpya na kuanza kulipa lile deni. Shilingi ikapata nguvu. Wawekezaji wa kigeni wakaanza kurudi, na mwaka 2024 na 2025 hisa zilizouzwa zikapanda. Muiruri alikuwa wa kwanza kuja nyumbani. Alisimama uani na kofia mkononi.

"Mwalimu, kumbe lori lilikuwa limechelewa tu."

"Karibu chai, Muiruri," Mwalimu akasema. Hawakulizungumzia tena.

Baraza halikuiondoa nidhamu.

Tarehe 2 Desemba 2025 Mwalimu alipatwa na kiharusi, akalazwa mjini Nakuru. Aliporejewa na sauti kidogo, hakudai aombwe radhi na mtu yeyote. Aliomba Meza ya Bwana. Binti yake Emmy alimpigia simu Mzee Kipkorir, naye akajibu kwa upole kwamba nidhamu huondolewa na baraza, na baraza lingeketi mwezi wa pili. Emmy alipomweleza, baba yake alifumba macho, akasema, "Basi tungoje. Hao watu nawajua, hufika." Alifariki Alhamisi tarehe 22 Januari 2026, alfajiri, kabla hawajafika.

Ameacha mjane, Rael Jepkoech, watoto Emmy Jepkemei, Kipkemei na Abby, wajukuu saba, na dada yake, Senge (shangazi) Leah. Mungu, asiyehitaji kikao, amkaribishe mezani pake na ampumzishe kwa amani.

Nidhamu iliondolewa na baraza la wazee, kwa kauli moja, Jumapili tarehe 1 Februari 2026.