Mama Nukta na Karatasi Moja Zaidi

Marehemu mama yetu, aliyejulikana kazini na mtaani kwa jina la Mama Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952. Alikuwa mtoto wa pekee wa seremala na mkunga. Ndivyo alivyoambiwa, naye aliamini hivyo kwa muda mrefu.

Shuleni aliipenda imla kuliko chakula. Siku moja alilifuta kosa kwenye tangazo la mwalimu mkuu ubaoni, akaandika sahihi kwa chaki. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa adhabu ya kufagia darasa. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari baba yake alipougua. Akiwa hoi kitandani, mzee alimwambia, "Una dada yako mkubwa. Mama yake aliondoka naye tulipoachana." Binti alipotaka kuuliza zaidi, wakubwa wakamtoa chumbani: "Mwache mgonjwa apumzike." Wiki hiyohiyo mzee akafariki, na baada ya hapo kila aliyeulizwa alijifanya hasikii.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusoma prufu, yaani nakala za majaribio, na kusahihisha makosa kabla mashine haijawashwa. Aliwahi kusimamisha kadi za harusi nzima kwa sababu ya nukta moja. Mpiga chapa alilalama, "Jamani, watu wanakwenda kula harusi, nani ataitazama nukta?" Akajibu, "Mimi." Jina likamganda tangu siku ile.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za kiwanda. Fundi alibandika onyo ukutani, akakuta limesahihishwa kwa wino mwekundu kabla hajashuka ngazi. Baba hupenda kusema kwamba ndoa yao ilianza kwa kugombezwa. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna aliyewahi kumwandikia barua akiwa bwenini bila kurudishiwa makosa yake.

Alipostaafu ndipo alipoanza kumtafuta dada yake. Alishinda katika chumba cha kumbukumbu, miongoni mwa mabuku ya sensa na ndoa yaliyonuka vumbi, akapiga chafya na kuendelea. Aliipata ndoa ya kwanza ya baba yake. Akaipata sensa iliyomhesabu mtoto wa kike wa miaka miwili katika nyumba ile. Mwishowe akapata ndoa ya mtoto huyo mwenyewe, aliyeolewa na fundi cherehani, jina la baba likiwa lilelile, kazi seremala. Aliuliza huku na huko, akaambiwa mjane wa fundi huyo bado anaishi upande wa pili wa mji, nyuma ya duka la mikate.

Lakini miaka haikulingana. Hati ya ndoa ilimfanya bibi harusi kuwa mkubwa kwa miaka miwili kuliko sensa. Karani wa kumbukumbu alimsihi, "Mama, zamani umri ulikadiriwa tu. Nenda kamwone." Baba naye akasema, "Twende bwana, tukabishe hodi." Mama akakataa katakata. "Nikimpelekea mtu wa watu habari yenye kosa, nitairudishaje? Hili si gazeti, kwamba kesho tutaomba radhi." Akaomba cheti cha kuzaliwa kitafutwe, akangoja.

Mara moja tu alikubali kupita mtaa ule na baba. Walimwona bibi mmoja barazani akianika nguo, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayepima ubao. Mama alishika mkono wa baba kwa nguvu. "Ndivyo alivyokuwa akisimama marehemu baba yangu," alinong'ona. Hata hivyo wakarudi nyumbani. Moyo ulishakubali, ila alikuwa hajapata karatasi. Baba anajuta kwamba hakumvuta kwa mkono siku ile.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, na mara ya pili, jioni ya tarehe 3 mwezi huu, alimwambia binti yake mkubwa, "Nendeni mkamwite. Hata bila cheti." Binti alikwenda usiku uleule. Bibi yule hakuuliza swali hata moja, alitafuta viatu vyake tu. Walipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

Bibi alikaa juu ya kitanda hicho, akaelezwa habari yote, na ile miaka miwili. Akalia. "Miaka ile waliniongezea wenyewe ili nifungishwe ndoa. Angeniuliza, si ningemwambia? Mimi nilikuwepo tu pale, mwanangu. Mlango wangu haufungwi mchana."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano. Ameacha pia dada yake mkubwa, tumbo jingine, baba mmoja, aliyekaa leo kiti cha mbele. Cheti chake cha kuzaliwa hakijapatikana mpaka sasa. Mama, tumemwandika hivyohivyo, wala hatukungoja. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani.